Signali imejaa, mbona video inaganda?

Link ya Wi-Fi kutoka Kigoma mjini hadi upande wa Katonga ukiitazama utaipenda: antena zinaonana, hakuna mti wala mlima katikati. Kuna maji tu, na maji ndiyo yenye kesi. Uso wa ziwa huakisi mawimbi ya redio, kwa hiyo antena inapokea signali iliyonyooka pamoja na nyingine iliyogonga maji kwanza. Zikifika zimepishana kwa nusu wimbi, kilele cha moja kwenye bonde la nyingine, zinauana. Upepo ukichafua ziwa, hali inabadilika kila dakika, na mteja anapiga simu: "Fundi, signali imejaa, mbona harusi imeganda?"

Video husafiri ikiwa imekatwa vipande vidogo vya data, yaani pakiti, na kinga ya kwanza ni pakiti za ziada. Ukijua jumla ya ndoo za dagaa na hesabu ya kila mvuvi isipokuwa mmoja, huyo mmoja unampata kwa kutoa. Vivyo hivyo, pakiti 10 hutengenezewa ya 11. Yoyote ikipotea inakokotolewa upya bila kuombwa tena. Irving Reed na Gustave Solomon walikwenda mbali zaidi mwaka 1960: kwa njia yao, pakiti 20 zikiongezewa 4, unaweza kupoteza zozote 4 kati ya hizo 24.

Tatizo ni kwamba hewani pakiti hazipotei moja moja, zinapotea kwa mkupuo. Video ya megabiti 2 kwa sekunde, yenye pakiti za baiti 1,200, hutoa pakiti kama 208 kila sekunde. Ukijumlisha za ziada zinafika 250. Signali ikizama kwa milisekunde 50 tu, umepoteza kama 12. Kinga ya 4 haifui dafu. Dawa ni kuzichanganya: chukua mafungu manne ya pakiti 24, tuma pakiti moja ya kila fungu kwa zamu. Zile 12 zinagawanyika, tatu kila fungu, na zote zinarudi. Gharama yake ni kuchelewa kama sehemu 0.4 ya sekunde. Kwa harusi ni sawa, kwa simu ya video inaudhi.

Kama kuna fungu la kubembeleza, ni la fremu kuu, ile inayobeba picha nzima. Ikiharibika, chenga zinaendelea mpaka fremu kuu ijayo.

Sasa, wengi wakiona picha inakwama wanaongeza pakiti za ziada tu. Kama kilichopoteza pakiti ni msongamano, unamwaga petroli kwenye moto. Pima kwanza muda wa pakiti kwenda na kurudi. Ukiwa unapanda taratibu kabla pakiti hazijaanza kupotea, mara nyingi njia imejaa, basi shusha ubora wa video. Muda ukiwa umetulia na pakiti zinayeyuka ghafla, hapo ongeza kinga, au panda mnarani ubadilishe kimo cha antena, maana kimo kikibadilika, ile signali ya majini nayo inafika kwa mpishano mwingine.