Tafuta Babu Yako Pale Serikali Ilipomhitaji

Swali tunaloulizwa sana katika hifadhi ya nyaraka ni hili: faili la babu yangu liko wapi? Kwa kawaida halipo. Serikali ya kikoloni ya Kenya haikupanga karatasi zake kwa majina ya Waafrika, bali kwa mkoa, wilaya na eneo la chifu. Kabla ya kufika kwenye hifadhi hiyo, Moi Avenue jijini Nairobi, jua babu aliishi chini ya chifu gani, kisha ujiulize mkoloni alitaka nini kwake: kodi, kazi au uaskari.

Vyeti vya kuzaliwa usivitegemee. Kuandikisha vizazi kulikuwa lazima kwa Wazungu tangu 1904, lakini kwa Waafrika sharti hilo lilienea wilaya baada ya wilaya hadi kukamilika mwaka 1971. Kodi ndiyo iliyotangulia. Kwa kuwa ilitozwa kwa kila nyumba, mume wa wake watatu alilipia nyumba tatu, na hesabu hiyo huweza kufichua bibi ambaye ukoo umeshamsahau. Wanawake wenyewe hawaonekani sana huko. Watafute katika rejista za ubatizo na ndoa za misheni, na katika kesi za mahari.

Kipande, yaani kitambulisho cha kazi cha Mwafrika, kina thamani zaidi. Sheria yake ni ya 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kila mwanamume wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa nacho. Kiliandikwa jina, kabila, alama za vidole, waajiri na mshahara. Kikopo chake cha bati kikiwa bado nyumbani, kifungueni taratibu: jina la mwajiri litawaelekeza kwenye shamba au mji alikofanyia kazi.

Waliochukuliwa kubeba mizigo vitani kati ya 1914 na 1918 ni habari ya kusikitisha. Sanamu yao ya ukumbusho jijini Nairobi inaahidi kwamba wana watakumbuka majina yao, ila majina yenyewe hayakuchongwa, na mengi hayakuhifadhiwa popote.

Basi wazee waulizwe mapema, na waulizwe vizuri. Kwa Wagikuyu, mwana wa kwanza huitwa jina la baba wa baba yake, wa pili jina la baba wa mama, hivyo majina yaleyale hurudi na ni rahisi kumchanganya mtu na mjukuu wake. Kwa Wakalenjin, rika husaidia kukadiria umri, lakini nalo huzunguka: rika la Maina la leo si Maina la karne iliyopita. Tahajia msiing'ang'anie, karani aliandika alivyosikia.

Kama babu alizuiliwa wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa 1952 dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau, fahamuni kwamba nyaraka nyingi zilichomwa kabla ya uhuru na nyingine zikapelekwa Uingereza. Zilizojitokeza mwaka 2011, wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza, sasa zinasomwa katika hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew, London, katika mfululizo wa FCO 141. Nyingi zinahusu maamuzi ya maofisa, kwa hiyo msitarajie orodha ya wafungwa.