"Kopo ni la Chuma, Usihofu": Dhana Potofu za Wanaoazima Filamu

Kila ninapoazimisha filamu za mkanda, zinazosafirishwa ndani ya makopo, hapa Dodoma, iwe kwa chuo au kwa ukumbi wa mkoa jirani, najibiwa vilevile: "Usihofu mkuu, kopo ni la chuma na tumelifunga barabara." Nimeisikia hiyo mpaka basi.

Kopo huzuia vumbi la nje na vidole vya watu. Mtikisiko halizuii, wala joto. Filamu ndefu ya mkanda wenye upana wa milimita 35 huja katika rili (magurudumu ya kuviringishia mkanda) 5 au 6, kila moja ya dakika 20 hivi, na zote kwa pamoja huzidi kilo 20. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kilomita 450 hivi. Rili ikicheza ndani ya kopo, na kopo likicheza ndani ya sanduku, mkanda ulioviringishwa kilegevu utajisugua wenyewe kwa wenyewe njia nzima. Vumbi letu la kiangazi mnalijua. Likishapenya katikati ya mizunguko ya mkanda, ni msasa.

Halafu mpokeaji anafungua, anakuta mkanda umelegea, anashika ncha na kuivuta ili ukaze. Jamani, nani anawafundisha hivi? Hapo ndipo vumbi linapochimba picha, na mistari inayobaki haifutiki. Mkanda ukilegea, uhamishie kwenye rili nyingine polepole, kwa mkazo uleule mwanzo hadi mwisho. Ncha ishikizwe kwa kipande cha karatasi na utepe unaobanduka bila kuacha gundi. Selotepu hapana, maana gundi yake ikipata joto huchuruzika. Kisha jaza sponji mpaka ukitikisa sanduku usisikie kitu.

Tukija kwenye joto: buti la basi lililoegeshwa stendi saa saba mchana si mahali pa filamu. Mimi husisitiza mzigo usafiri usiku, na uwe na mtu wa kuusimamia. Na kama umetoka kwenye stoo yenye ubaridi, ukifika pwani usikimbilie kufungua kopo. Liache hadi kesho yake, la sivyo unyevu wa hewa utatua juu ya mkanda.

Sasa dhana nyingine ninazoambiwa. "Eksirei ya uwanja wa ndege itaunguza picha." Haiunguzi. Inayodhurika ni filamu ambayo bado haijasafishwa, yaani haijatiwa dawa ili picha itokee. Hii ya kuonyeshwa ilishasafishwa zamani.

"Polyesta haiharibiki." Hiyo ni plastiki ya mikanda mipya; ni ngumu kukatika, kweli, na ndiyo maana ikikwama kinachoumia ni projekta. Kukwaruzika inakwaruzika kama asetati, plastiki ya mikanda ya zamani, na katika hewa kavu kama yetu huvuta vumbi kwa umeme tuli.

"Harufu ya siki ni uzee tu, funika kopo vizuri." Hiyo ni asetati inayooza. Asidi inayotoka huharakisha uozo uleule, kwa hiyo ukiifungia unaipalilia, na mvuke wake huambukiza mikanda ya jirani. Kopo la namna hiyo lisisafiri na mengine, na mwenye mali aambiwe kabla halijaondoka.

"Nimeazimwa mkanda, basi naruhusiwa kuonyesha." Mkanda ni kitu kimoja, haki ya kuuonyesha ni kitu kingine; someni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Na kibali cha Bodi ya Filamu nacho bado kinatakiwa.

"Ukimaliza, rudisha mkanda mwanzo." Uliza kwanza! Mimi nataka mwisho ubaki nje, kwa sababu kila kuviringisha kusiko na lazima ni nafasi nyingine ya kukwaruza. Andikeni juu ya kopo ni ncha ipi iliyo nje.

Na ile fomu ya ukaguzi iliyomo sandukuni ijazwe kabla ya onyesho la kwanza. Ikijazwa baada ya hapo, sitajua kama kiungo kilichoachia (pale vipande viwili vya mkanda vilipounganishwa) kiliachia njiani au kwenye projekta yenu, na gharama ya matengenezo nitawadai ninyi.