Kuweka frii mteremkoni hakuokoi mafuta

Aliyenunua Vitz au Passo yake ya kwanza huambiwa mapema: ukifika mteremkoni weka frii (N), gari ijiendee yenyewe bila gia, utaokoa mafuta. Enzi za kabureta ushauri huu ulikuwa na mantiki. Kwa injini ya EFI, ambayo kompyuta ndiyo inayopima mafuta, mambo ni kinyume.

Ukiondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta gari ikiwa kwenye gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kompyuta inaliona hilo na kufunga nozeli, vile vitundu vinavyonyunyizia injini mafuta. Hakuna tone linaloingia mpaka mzunguko wa injini ushuke karibu na sailensa, yaani kasi ya injini inayonguruma gari ikiwa imesimama. Ukiweka frii, magurudumu hayaisaidii tena injini, kwa hiyo nozeli lazima ziendelee kunyunyiza mafuta ili isizimike.

Na mafuta ndiyo hasara ndogo. Shuka mlima Kitonga, kule Iringa, ukiwa frii, breki peke yake zibebe gari, abiria na mizigo: kona chache tu, harufu ya pedi zinazoungua inaingia ndani, kisha pedeli unaikanyaga na gari haishiki. Tafadhali, usijaribu. Kama gari yako ni otomatiki, punguza mwendo kabla mteremko haujaanza, hamia gia ya 2 au L, injini ivume, breki zipumzike.