SQLite au PostgreSQL? Dhana potofu na ukweli

Zote mbili ni kanzidata, yaani programu za kuhifadhi na kutafuta data. SQLite huweka data kwenye faili moja ndani ya programu yako; PostgreSQL huendeshwa na seva, programu ya pembeni inayohudumia kompyuta nyingi.

Dhana: SQLite ni ya kujifunzia tu.
Ukweli: Richard Hipp aliianza mwaka 2000, wakati akitengeneza programu ya meli ya kivita ya Marekani, akitaka kanzidata isiyotegemea seva. Leo imo ndani ya kila simu ya Android na iPhone. Meseji zako za WhatsApp kwenye Android zinakaa humo.

Dhana: Data ikiwa nyingi, SQLite itaelemewa.
Ukweli: Kikomo chake ni terabaiti 281, na wewe huna data hizo. Kinachobana ni uandishi. Faili zima huandikwa na mmoja tu kwa wakati mmoja. Hali ya WAL (mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni), iliyokuja 2010, inawaacha wasomaji waendelee kusoma huku mwingine akiandika, lakini waandishi wawili bado hupanga foleni. Dukani penye kompyuta moja hakuna atakayeiona foleni hiyo. Matawi kumi yakiuza kwa pamoja, chukua PostgreSQL, ambayo hufunga rekodi inayobadilishwa tu na kuziacha nyingine. Na tafadhali, usiweke faili la SQLite kwenye folda ya mtandao ili kompyuta tano zilifungue. Ufungaji wa faili huko mara nyingi hauaminiki, na data huharibika.

Dhana: Zote hutumia SQL, lugha ya kuiamuru kanzidata, kwa hiyo kuhama kutoka SQLite kwenda PostgreSQL ni kazi ya jioni moja.
Ukweli: Hapa ndipo wengi huumia. Andika “elfu tano” kwenye safu ya namba: SQLite inapokea bila kunung'unika, PostgreSQL inakataa. Majedwali ya STRICT (yanayodai aina sahihi ya data) yaliyoletwa kwenye SQLite 2021 yanaziba pengo hilo, ila lazima uyaombe mwenyewe. Hata kanuni ya kuzuia mauzo ya mteja asiyekuwepo huwa imezimwa kwa kawaida kwenye SQLite. Unaiwasha kwa amri ya PRAGMA foreign_keys = ON kila unapofungua muunganisho. Kama mradi utaishia PostgreSQL, mimi ningeanza nayo siku ya kwanza.

Dhana: PostgreSQL ni ghali.
Ukweli: Zote ni bure. Gharama ya PostgreSQL ni mtu wa kuiangalia: masasisho, ruhusa za watumiaji, nakala za akiba. Nakala inahitajika kwa SQLite pia, na si kwa kunakili faili programu ikiwa inaandika. Tumia amri ya .backup au VACUUM INTO.