Reli ya Bububu si ya Barghash

Nimechoka kusikia kwamba Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ndiye aliyejenga reli ya Bububu, ile iliyotoka mjini Unguja kwenda kaskazini. Nayasikia pale Ngome Kongwe kwa watembeza wageni, nayasoma mitandaoni, na juzi nimeyakuta kwenye karatasi waliyopewa watoto wa skuli waikariri. Kazi yangu ni kupima na kuchora majengo ya kale ya Unguja, na mwenye kukosea reli hukosea na majengo yaliyoguswa na reli hiyo. Ndiyo maana nashindwa kunyamaza.

Barghash alifariki 1888. Reli ya Bububu ilijengwa 1904 hadi 1905. Maneno yangeishia hapo, lakini hayaishi, kwa sababu Barghash kweli alikuwa na reli yake, na ndiyo inayowapoteza watu.

Ya Barghash ilitandikwa 1879, kutoka kasri yake ya mjini kwenda kusini mpaka kasri ya Chukwani. Mwanzo mabehewa mawili yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 kikaagizwa kichwa kidogo cha treni kutoka Uingereza, kwa kampuni ya Bagnall. Ilikuwa njia ya Sultani na watu wa nyumba yake, si ya abiria wa kulipa nauli. Alipofariki, reli zikang'olewa na kichwa kikaishia chuma chakavu. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893 na ya Mombasa 1896, yaani sisi tulikuwa tumeshakuwa na reli na tumeshaing'oa kabla wenzetu wa bara hawajaanza.

Sasa angalia mtego ulipo. Njia ya Chukwani ilikuwa na urefu wa maili saba. Ya Bububu nayo maili saba. Ya kwanza ilianzia kasrini, ya pili nje ya Ngome Kongwe, na kati ya hapo na hapo ni mwendo mfupi tu wa miguu ufukweni. Mtu akisoma "reli ya maili saba iliyoanzia Forodhani" bila mwaka wala upande, atajuaje inasemwa ipi? Tena Barghash ameacha alama nyingi upande wa kaskazini: kasri ya Maruhubi ni yake, na maji ya bomba aliyoyaleta mjini yalitoka kwenye chemchemi za huko huko. Basi kila kilichoko njia ya Bububu hutupiwa yeye. Lakini reli yake ilielekea kusini, na hii nyingine kaskazini. Hazikuwahi kukutana, si kwa njia wala kwa wakati. Kati ya kufa kwa moja na kuzaliwa kwa nyingine ilipita miaka zaidi ya kumi na tano.

Walioijenga hii ya Bububu ni Arnold, Cheney & Co., kampuni ya biashara ya Wamarekani, wakati Sultani akiwa Ali bin Hamud. Upana wake ulikuwa futi tatu, haufiki hata mita moja ya reli ya Mombasa. Mwaka 1911 Serikali ya Zanzibar ikainunua.

Ngome Kongwe nayo haisemwi sawasawa. Wakati reli ikijengwa, ngome ilikuwa bohari yake, na treni ilianzia nje ya kuta zake. Lakini ngome yenyewe ilijengwa na Waarabu wa Omani kati ya 1698 na 1701, baada ya Wareno kufukuzwa. Kumwambia mgeni kwamba "hili ni jengo la stesheni" ni kuifutia ngome miaka mia mbili ya umri wake kwa ajili ya miaka michache ya reli.

Jengo lililolipa gharama kubwa ni jengine, na halitajwi: Beit el Ras. Sayyid Said, baba yake Barghash, alianza kulijenga 1847 kwa ajili ya wanawe, akafariki 1856 halijamalizika, na mwanawe Majid aliyemrithi hakuliendeleza. Mawe yake mengi yakachukuliwa kujengea reli ya Bububu. Magofu yaliyobaki yakavunjwa 1947 ili ijengwe skuli na chuo cha ualimu. Wanafunzi wanaosoma hapo leo wanapita juu ya msingi wa kasri ambayo mawe yake yalikwenda chini ya treni. Mimi jambo hili linaniuma kila ninapopita, maana hatuna tena cha kupima.

Mjini treni ilipita Malindi, ndani ya uchochoro hasa. Katika picha za zamani kichwa kimejaa baina ya kuta mbili, na watu wamesimama milangoni mwao karibu kiasi cha kunyoosha mkono wakaligusa behewa. Na hii, tofauti na ile ya Chukwani, ilikuwa gari ya watu wote, wenye kwenda shamba na wenye kuja mjini. Wasafiri wa meli zilizotia nanga nao walipanda behewa lao la daraja la kwanza wakaone mashamba.

Kuhusu mwisho wake vitabu vinagongana: vingine 1922, vingine 1928. Mimi nasimama na 1922 kwa abiria, kwa sababu barabara ya magari ilikuwa imeshawachukua. Baada ya hapo mabehewa yaliendelea kubeba mawe ya ujenzi wa bandari, na nadhani tarehe za baadaye zinatokana na kazi hiyo. Ukiniuliza reli ilikufa lini, nitakuuliza kwanza: ya abiria au ya mawe?

Wengi huniletea picha ya kipande cha chuma kilichochomoza ukutani wakaniuliza kama ni reli ya Bububu. Huenda. Kipande kimoja hakikwambii upana wa njia, na bila upana siwezi kukiapia.

Anayetaka kuifuata njia yenyewe apande daladala ya 502 akae upande wa bahari: atapita Maruhubi, Mtoni, Beit el Ras, mpaka Bububu. Anayemtaka Barghash na treni yake apande ya Chukwani.