Ukipangilia ragtime kwa vyombo vya shaba, anzia mkono wa kushoto

Kwenye mipangilio mingi ninayoletewa niikague, trumpeti ya kwanza imeandikwa vizuri sana, ila tuba, chombo cha sauti ya chini kabisa, imebebeshwa mzigo usiobebeka. Ragtime ni muziki wa piano, na melodi ya Scott Joplin, mtunzi wake maarufu, haihitaji msaada mkubwa. Kazi iko mkono wa kushoto wa mpiga piano.

Chukua "Maple Leaf Rag", iliyotolewa na John Stark mwaka 1899 kule Sedalia, Missouri. Mkono wa kushoto unapiga besi chini, unaruka kupiga kodi (nota kadhaa kwa pamoja), unarudi chini, karibu wimbo mzima. Piano haipumui. Mpiga tuba anapumua, na ukimwandikia besi zote, kabla ya trio, yaani sehemu ya tatu ya wimbo, pumzi imekata na mdundo umelegea.

Mimi humpa tuba besi mara ya kwanza, na sehemu ikirudiwa tromboni inapokea. Kodi zinabaki kwa honi na trumpeti ya pili, na sauti mbili zinatosha kabisa: kwenye kodi ya saba, waachie nota ya tatu na ya saba ukihesabu kutoka nota ya msingi ya kodi. Pale mwanzoni ambapo mikono inapokezana kupanda kutoka chini hadi juu, usimpe mtu mmoja. Tuba ianze, tromboni ipokee, kisha honi, kisha trumpeti. Panapendeza mno.

Jambo lingine ni urefu wa nota. Sauti ya piano hufifia yenyewe baada ya nyundo kugonga waya, lakini shaba hushikilia. Nota ya sinkopa, yaani inayoangukia katikati ya midundo, ikishikiliwa hadi mwisho wake inafunika kodi inayoifuata, na ladha yote ya ragtime inapotea. Kwa hiyo nazifupisha kwenye karatasi, sisubiri mazoezi.

Ufunguo wa A flati wa "Maple Leaf Rag" usiubadilishe. Trumpeti ya B flati inasoma flati mbili tu, na tatu kwenye trio. "The Entertainer" ya mwaka 1902 iko kwenye C. Hiyo naishusha hadi B flati.

Sehemu ya kwanza inaporudi kabla ya trio, melodi naipa honi ili midomo ya trumpeti ya kwanza ipumzike. Na onyo la Joplin kwamba ragtime isipigwe haraka naliandika kwenye karatasi ya kila mpigaji, si ya kiongozi peke yake.