Popo wa ajabu si lazima awe popo mpya

Mibuyu ikichanua tu, simu yangu haipumziki. "Daktari, nimepata popo mpya huku Gede, ana uso mweupe!" Jamani, huyo katoka kunywa nekta, na weupe huo ni chavua. Mtu mwingine wa Watamu, huko huko pwani ya Kenya, ananitumia picha ya mwenye manyoya meupe mabegani. Hilo ni dume la Epomophorus wahlbergi, popo wa matunda. Huyakunjua akiita majike. Jike hana.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni hii: usiyemjua wewe, sayansi nayo haimjui. Spishi mpya haitambuliwi kwa kurunzi usiku mmoja. Hupimwa kigasha (mfupa wa mkono kutoka kiwiko hadi kifundo), fuvu na meno, husomwa vinasaba, kisha hulinganishwa na sampuli za jamaa zake zilizohifadhiwa makumbusho, hata za karne iliyopita. Mara nyingine huyo "mpya" alikuwa humo humo drooni, kabandikwa jina la mwenzake. Megaloglossus woermanni, popo mdogo wa nekta wa misitu ya Afrika, alipewa jina 1885. Miaka zaidi ya mia ilipita kabla vinasaba havijaonyesha kwamba wale wa Afrika Magharibi ni spishi nyingine, M. azagnyi.

"Lakini yule popo mwenye ulimi mrefu, si alitambulika kwa ulimi wake tu?" Nilijua mtamleta. Anoura fistulata wa Ekuado ana ulimi wa hadi sentimita 8.5, mara moja na nusu ya mwili wake, na shina lake limekaa kifuani, kati ya moyo na mfupa wa kidari. Hata hivyo, alipoelezwa 2005 kilichomtambulisha ni mdomo wa chini uliochomoza kama mrija. Habari ya ulimi ilitangazwa mwaka uliofuata. Na ukoo wake ni wa Amerika, msimtafute mapangoni Watamu.

Mkinitumia picha, andikeni mahali na tarehe, la sivyo sifungui. Wala msimshike kwa mkono mtupu, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa.

Popo ni kipofu? Mtazame popo wa matunda machoni, halafu uniambie. Anamaliza maembe? Hupenda yaliyoiva, na ya sokoni mnayachuma mabichi.

Na wanaotaka popo aitwe kwa jina lao: jina hutolewa na anayechapisha maelezo, akiweka sampuli ya rejea makumbusho. Kujipa jina lako mwenyewe kanuni hazikatazi, ila wenzako watakucheka mpaka ustaafu.